Kiyoyozi cha Nyuma Kinaponyamaza: Tafuteni Hitilafu ya Umeme Kabla ya Kununua Vifaa



Gari la chama ni mali ya wanachama wote, sawa na ghala, mizani na mashine ya kumenyea kahawa. Kila shilingi inayotoka katika mfuko wa chama kwenda gereji ni shilingi ambayo haikununua pembejeo wala kumlipa mkulima. Kwa sababu hiyo yafaa tuzungumzie jambo ambalo huonekana dogo, lakini huweza kukigharimu chama fedha nyingi bila sababu: kiyoyozi cha nyuma katika magari ya abiria, kama vile Toyota HiAce yaliyotumika Japani na kuletwa nchini.

Mtu akaaye Nkoaranga au Poli aweza kuuliza kiyoyozi ni cha nini, maana katika miteremko ya Mlima Meru asubuhi za mwezi Julai ni za baridi. Lakini gari hilo hilo likiteremka kwenda Moshi, au likivuka Makuyuni kuelekea Mto wa Mbu wakati wa mchana, abiria wa viti vya nyuma hupata joto kali. Wakifungua madirisha, vumbi huingia. Hapo ndipo kiyoyozi cha nyuma huwashwa, na mara nyingi hapo ndipo hugundulika kuwa hakifanyi kazi.

Kwanza yatupasa kuelewa jinsi mtambo huu ulivyopangwa. Gari lenye viyoyozi viwili, cha mbele na cha nyuma, huwa na kompresa moja tu, inayozungushwa na injini kwa mkanda. Kompresa hiyo husukuma gesi ya kupoza kwenda mbele na nyuma. Lakini nyuma kuna feni yake, mota yake, swichi yake, na katika magari mengi fyuzi na rilei yake. Rilei ni swichi ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme. Kuna pia rezista, yaani vipande vya waya vinavyopunguza umeme ili feni izunguke polepole. Basi hitilafu yaweza kuwa katika sehemu inayotumika na viyoyozi vyote viwili, au katika tawi la nyuma peke yake.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kazi yote. Kabla ya kufungua msumari wowote, dereva awashe injini, awashe kiyoyozi cha mbele, kisha cha nyuma, na aandike anachokiona.

Ikiwa mbele na nyuma feni zote zinapuliza lakini hewa haina ubaridi, tatizo liko katika sehemu ya pamoja: gesi, kompresa, au klachi ya sumaku inayoiunganisha kompresa na mkanda. Ikiwa mbele ni baridi na nyuma feni haizunguki kabisa, kompresa haina kosa. Atakayeshauri inunuliwe kompresa mpya kwa dalili hiyo anakitia chama hasara. Ikiwa mbele ni baridi, na nyuma feni inapuliza vizuri lakini hewa ni ya joto, mchunguze kwanza vali inayopitisha gesi kwenda nyuma. Katika baadhi ya magari vali hiyo hufunguliwa kwa umeme.

Feni yenyewe nayo husema ugonjwa wake. Ikizunguka kwa kasi ya juu tu na kukataa kasi za chini, aghalabu rezista imeungua, kwa maana katika kasi ya juu umeme haupiti kwenye rezista. Ikizunguka vizuri kwa kasi za chini na kukataa ya juu, tazameni swichi na, pale ilipo, rilei ya kasi ya juu. Ikizima na kuwaka gari linapopita kwenye mashimo, kuna kiungo kilicholegea. Ikizunguka kwa uvivu katika kasi zote, ama umeme unaoifikia ni hafifu, ama mota imechakaa.

Baada ya dalili huja vipimo. Vifaa vinavyohitajika ni viwili: taa ya kupimia umeme na mita ya volti. Anzeni kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, kipimo kipande hadi kati ya 13.8 na 14.4. Kisipopanda, tengenezeni kwanza chaji ya gari, kwani feni dhaifu ni dalili tu. Magari mengine makubwa hutumia volti 24. Hayo yapimwe kwa vifaa vinavyoyafaa.

Hatua ya pili ni fyuzi. Swichi ya gari ikiwa imewashwa, gusisheni taa ya kupimia upande mmoja wa fyuzi, kisha wa pili. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika. Wekeni nyingine yenye ampea zile zile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi. Ikikatika tena mara moja, msiongeze ukubwa wake, na kamwe msiweke kipande cha waya badala yake. Fyuzi imekatika ili waya zisiungue. Ama kuna waya uliochubuka na kugusa bati, ama mota imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Kuweka waya mahali pa fyuzi ni kuuondoa ulinzi na kuukaribisha moto ndani ya gari lenye watu.

Hatua ya tatu ni kwenye plagi ya mota. Feni ikiwa imewekwa kasi ya juu, pimeni volti kati ya nyaya mbili za mota bila kuichomoa plagi. Ikiwa volti zipo karibu sawa na za betri na mota haizunguki, mota imekufa. Ikiwa hazipo, mota isilaumiwe. Rudini nyuma kwenye rilei na nyaya zinazoileta.

Hatua ya nne husahauliwa na wengi, nayo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari. Wekeni ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa feni na nyingine kwenye bodi safi isiyo na rangi, feni ikiwa inafanya kazi. Kipimo kikizidi karibu volti 0.2, ethi ni mbovu. Fungueni skrubu, sugueni kutu na rangi, kisha kazeni upya. Kumbukeni pia kwamba katika magari mengi ya Kijapani swichi ya kasi na rezista vimewekwa upande wa ethi. Kwa hiyo mota ikizunguka baada ya kuunganishwa moja kwa moja na bodi, hitilafu yaweza kuwa kwenye swichi, rezista au waya wa ethi, na vyote vitatu vipimwe kabla ya kununua kimoja.

Kwa nini kiungo kibovu kipewe uzito huu? Hesabu yake ni nyepesi. Chukueni mota inayovuta ampea 15, na kiungo chenye kutu kinachozuia kwa kiasi cha omu 0.2 tu. Ampea 15 mara 0.2 ni volti 3 zinazopotea hapo. Volti 3 mara ampea 15 ni wati 45 za joto, zilizokusanyika katika plagi ndogo ya plastiki. Feni huzunguka kwa uvivu, na plagi huyeyuka. Kwa hiyo plagi iliyobadilika rangi au kunuka kuungua isipuuzwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mara nyingi chanzo ni matumizi yetu wenyewe. Vumbi laini la udongo wa volkano hujaa kwenye feni na kuilemea mota. Maji ya kuoshea sakafu huingia kwenye plagi. Tenga za mboga zinazopelekwa soko la Tengeru hugonga mabomba na nyaya za nyuma. Viti vinapoongezwa, bolti hutoboa nyaya zilizo chini ya zulia. Maspika ya redio nayo huungwa kwenye nyaya za feni. Fundi aanzie hapo kutazama kwa macho.

Yapo mambo ya kukatazwa. Taa ya kupimia isichomekwe kwenye nyaya zilizofunikwa kwa rangi ya njano, ambazo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa ya usalama, wala kwenye nyaya za kompyuta ya gari. Swichi ya shinikizo la gesi isirukwe kwa waya ili kompresa ilazimishwe kufanya kazi. Swichi hiyo huizima kompresa gesi inapopungua, na ikirukwa kompresa huzunguka bila mafuta ya kutosha na kuharibika. Gesi nayo isiachiliwe hewani, kwani R-12 ya magari ya zamani huharibu tabaka la ozoni, na R-134a iliyoanza kushika nafasi yake mwanzoni mwa miaka ya 1990 huongeza joto la dunia.

Ndugu Katibu, si lazima uwe fundi. Wajibu wako ni kuweka daftari la gari lenye tarehe, kilometa, dalili aliyoieleza dereva, vipimo vya volti alivyovipata fundi, kifaa kilichobadilishwa na gharama yake. Kabla ya kamati kuidhinisha malipo, iulize maswali matatu: Je, kiyoyozi cha mbele kinafanya kazi? Volti ngapi zilipatikana kwenye plagi ya mota? Ethi ilipimwa? Fundi mwaminifu atayajibu kwa furaha, na kifaa cha zamani atakirudisha mikononi mwa chama. Pasipo majibu hayo, malipo yasubiri. Fedha ni za wanachama, nao wana haki ya kujua zilinunua nini.