KIPEPEO ASIYEKUFA UPESI

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba kila kipepeo huishi siku au majuma machache tu, na kwa walio wengi ndivyo ilivyo. Lakini katika bara la Amerika, tangu Florida na Texas, kupitia visiwa vya Karibi, hata kaskazini ya Amerika ya Kusini, yuko mmoja awezaye kuishi miezi kadhaa. Wataalamu humwita Heliconius charithonia. Mwaka 1996 jimbo la Florida lilimfanya kipepeo wake rasmi.

Kumtambua si kazi. Mabawa yake ni marefu na membamba, meusi, yenye milia ya manjano hafifu kama punda milia. Yakikunjuliwa, upana wake ni sentimita 7 hadi 10. Huruka polepole kama mtu asiyeogopa deni, naye ana sababu. Kiwavi wake, mweupe mwenye miiba myeusi, hula majani ya mimea ya ukoo wa mpesheni, ule ambao wengine huuita mkarakara. Majani hayo yana sumu, na kipepeo naye huwa nayo mwilini. Ndege aliyekwisha mwonja mmoja huiona milia ile akapita mbali.

Basi ile miezi yote aipataje? Siri ni chakula. Vipepeo karibu wote hunywa mbochi, nayo ni maji na sukari. Protini hutegemea akiba waliyoiweka walipokuwa viwavi, na akiba huisha. Huyu hukusanya chavua, yaani ule unga wa maua, ikashikamana juu ya mrija wake wa kunyonyea. Huilowesha kwa mate, akaifinyanga kwa saa nyingi, kisha hunyonya viini vya protini vilivyotoka. Mtaalamu Lawrence Gilbert wa Marekani alilieleza jambo hili mwaka 1972. Jike akinyimwa chavua, mayai yake hupungua sana. Akiipata, huendelea kutaga mwezi baada ya mwezi.

Mchana kila mmoja hushika njia yake ya maua. Jioni hukusanyika, pengine makumi, wakaning'inia kwenye vijiti vile vile walivyolalia jana.

Hapa kwetu hayupo. Jamaa zake wa mbali, vipepeo wa Akrea, wapo, na viwavi wa baadhi yao hula mimea ya ukoo huo huo wa mpesheni. Ila wakiisha kupata mabawa, hao hawali chavua.