Mgeni wa Feri

Asubuhi moja katika soko la samaki la Feri tulikutana na kijana kutoka China, mwanafunzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tulimdhania mfanyabiashara. Kumbe alikuja kujifunza majina: changu, nguru, kibua. Akatueleza kwamba mwaka mzima amesalimiwa na wengi, lakini hakuna nyumba iliyomwalika chakula.

Tuliona haya. Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ametujaalia kuwa mataifa na makabila ili tujuane. Salamu za njiani pekee hazitoshi.

Jioni ile alikula nasi sinia moja, akatusimulia habari za mama yake. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.