Goti hulalamika, ubongo hunyamaza

Juni 2021, siku chache baada ya kutimiza miaka 29, Boyd Cordner alitundika daluga. Alikuwa nahodha wa Sydney Roosters na wa jimbo la New South Wales, na aliwahi kuiongoza pia timu ya taifa ya Australia. Kilichomtoa uwanjani ni kichwa, baada ya kupata mtikisiko wa ubongo mara kadhaa. Miezi miwili kabla, mwenzake Jake Friend, 31, alikuwa ameondoka kwa sababu hiyohiyo. Msimu huohuo Brett Morris, 34, naye alistaafu baada ya kukatika kano ya goti. Klabu moja, msimu mmoja, watu watatu.

Raga waliyocheza si ile ya Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji saba. Hii ni raga ya ligi, iliyozaliwa kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, klabu zilipogombana kuhusu kuwalipa wachezaji fidia ya kukosa kazini. Leo kila upande una watu 13. Mwenye mpira akiangushwa, hakuna kugombania mpira. Anainuka, anausukuma nyuma kwa mguu, mchezo unaendelea. Timu ina nafasi sita za namna hiyo, na kila mara timu inayozuia hurudi nyuma mita 10.

Mita hizo 10 ndizo zenye balaa. Mshambuliaji wa kilo 100 anakuja mbio, na watu wawili watatu wanamkimbilia kumkaba. Kwa dakika 80, mchezaji wa mbele anaweza kukaba zaidi ya mara 30, hapo hujahesabu alizoangushwa yeye.

Kano ya goti ikikatika, goti huvimba, mtu huchechemea, picha ya MRI huonyesha pengo. Ubongo una tabia nyingine. Unaelea kwenye majimaji ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai: litikise, ganda litabaki zima huku ndani kumevurugika. Nyuzi za neva huvutika, potasiamu hutoka kwenye seli na kalsiamu huingia. Seli huhitaji nguvu nyingi kurudisha mpangilio wakati ambapo damu inayofika imepungua. Picha ya kawaida ya CT mara nyingi haioni kitu. Kichwa kikigongwa tena kabla seli hazijapona, madhara huongezeka.

Ndiyo maana daktari humtoa mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa kwa dakika 15 na kumuuliza maswali ambayo mtoto angeyajibu. Tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani kafunga mwisho? Wiki iliyopita mlicheza na nani, na mlishinda? Kisha humtembeza juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole. Tangu 2023, ligi kuu ya Australia kwa kawaida humpumzisha siku zisizopungua 11 mchezaji aliyethibitika kuumia ubongo.

Kuna pia deni la muda mrefu. Mwaka 2019 watafiti wa Sydney walichapisha matokeo ya kuchunguza ubongo wa wachezaji wawili wa zamani wa raga ya ligi waliofariki. Walikuta CTE, ugonjwa ambao protini iitwayo tau hujikusanya katika ubongo. Huhusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, na mpaka sasa huthibitishwa baada ya kifo tu.

Mchezaji akisema "niko sawa", anayejibu ni kiungo kilekile kinachoulizwa kama kimeumia. Kwa hiyo uamuzi apewe mtu mwingine, awe daktari, kocha au mzazi aliye pembeni ya uwanja wa shule. Aliyegongwa kichwa kisha akaduwaa, akayumba, akauliza swali moja mara mbili au akalalamika kichwa kinauma, atolewe, na siku hiyo asirudi. Akitapika mfululizo, akidegedeka au akizidi kusinzia, apelekwe hospitali mara moja.