Sahani ya Shule na Sahani ya Nyumbani

Akina mama wengi hushangaa watoto wao wanaporudi likizo kutoka shule ya bweni. Kijana aliyezoea kuchagua chakula sasa anamaliza sahani kabla wenzake hawajanawa mikono. Mwingine akiona maharage mezani ananuna, na mama hudhani anadharauliwa.

Kabla hujamkemea, fikiri anakotoka. Katika shule nyingi za bweni nchini Tanzania asubuhi ni uji, mchana ni ugali na maharage, na jioni ni yale yale au makande. Wali na nyama husubiriwa kwa hamu. Kijana hupanga foleni na sahani yake, na hula haraka kengele isije ikalia. Hayo si utovu wa adabu, ni mazoea.

Anayesoma shule ya kutwa ana shida nyingine. Tangu mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, lakini chakula cha mchana hutegemea sana michango ya wazazi. Asiyechangiwa hushinda na njaa. Msichana mwenye njaa njiani ni rahisi kurubuniwa kwa sahani ya chipsi. Mama, usiuone mchango huo kuwa mdogo.

Tena, binti aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Maharage yana madini ya chuma, ila mwili huyapata kwa shida. Limau au chungwa katika mlo ule ule husaidia. Chai huzuia, basi isubiri kama saa moja. Wakati wa likizo mpikie dagaa, nyama au maini kidogo, pamoja na mboga za majani. Akichoka ovyo au kupata kizunguzungu, mpeleke zahanati akapimwe damu.

Zaidi ya yote, keti naye mezani umwulize, "Mwanangu, shuleni mnakula nini?" Usimkatize. Kisha uyapeleke aliyokuambia kwenye kikao cha wazazi. Wazazi wakinyamaza, sufuria ya shule haitabadilika.