Je, Wajua? Ngoma ya Morani Ina Somo la Saikolojia

Wasamburu, wakiwemo wa Oldonyiro katika Kaunti ya Isiolo, wanamjua morani anayeruka ngomani mpaka mwili unamtetemeka. Mwanaanthropolojia Paul Spencer, aliyeishi na Wasamburu miaka ya 1950, aliuhusisha mtetemeko huo na msongo wa ujana unaosubiri kupewa nafasi na wazee. Wasamburu wenyewe huuona kuwa alama ya uanaume. Mwaka 1985 Spencer aliiandikia ngoma yao sura nzima.

Nguvu ya kucheza pamoja imepimwa pia kwa majaribio. Mwaka 2015, mtafiti Bronwyn Tarr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwachezesha wanafunzi nchini Brazil: waliocheza kwa hatua zinazolingana walistahimili maumivu zaidi na wakahisi ukaribu zaidi na wenzao. Kwa anayetaka kusomea saikolojia ya muziki, Isiolo ni mahali pazuri pa kuanzia: ina Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru na Wasamburu, na kila jamii ina ngoma zake.