Kima Wanaouziana Maua

Wanangu, katika jumba la makumbusho la Frans Hals, mjini Haarlem, Uholanzi, umetundikwa mchoro ambao upana wake hauzidi nusu mita. Jan Brueghel Mdogo aliuchora mnamo mwaka 1640 hivi. Umejaa kima waliovaa nguo za kitajiri. Yule wa kushoto ana upanga kiunoni kama bwana mkubwa, na mkononi ameshika orodha ya bei. Wenzake wanahesabu fedha, wanapima kwa mizani, wanakula karamu. Upande wa kulia mambo yameharibika: mmoja analia kizimbani kwa sababu ya madeni, mwingine anarusha ngumi, na nyuma kabisa maiti inapelekwa makaburini. Na mmoja, niwieni radhi, anayakojolea maua.

Maua yenyewe ni tulipu, ambayo huota kutokana na tunguu, mfano wa kitunguu maji. Miaka ya 1630 Waholanzi walizipenda mno tulipu zenye michirizi, na hakuna aliyejua kwamba michirizi ile ililetwa na kirusi. Ua lililougua ndilo lililokuwa ghali!

Sasa, wakati wa baridi matunguu yamo ardhini, hakuna anayeyaona. Basi watu wakakaa vilabuni wakiuziana ahadi. Leo nanunua ahadi yako, kesho namwuzia jirani kwa bei ya juu zaidi, naye anamtafuta wa kumpandishia. Tunguu halijasogea hata kidole, ila bei imeshapaa. Mchezo huu hauna taabu, mradi kila anayenunua ampate mwingine wa kumwuzia. Mwanzoni mwa Februari 1637, Haarlem, huyo mwingine hakutokea. Bei zikaporomoka, na wengi wakazikana ahadi zao.

Brueghel akaja kuwacheka baadaye, mambo yalipokwisha kupoa. Bwana anayeheshimika mjini huwezi kumwita mpumbavu mbele ya watu. Lakini mvike kima koti lake, kila mtu atamtambua, na yeye mwenyewe hana pa kushtaki.

Ila msimwamini mchoraji kwa kila kitu. Mwanahistoria Anne Goldgar alipekua nyaraka za wakati ule, na katika kitabu chake cha mwaka 2007 alieleza kwamba hakumpata hata mtu mmoja aliyefilisika kwa ajili ya tulipu. Kilichoumia zaidi ni kuaminiana: mtu aliyetoa neno lake mbele ya mashahidi sasa anapita njia nyingine asikutane na aliyemwahidi. Mazishi yale ya kima, kwa maoni yangu, ni chumvi.

Ugomvi ulipozidi, mwaka 1638 wakuu wa mji wa Haarlem waliamua kwamba mnunuzi anaweza kujitoa kwa kulipa florini 3.5 kwa kila florini 100 alizoahidi. Hilo Brueghel hakulichora. Kima anayelipa vijisenti vyake kisha akaenda zake nyumbani kula hamchekeshi mtu.