"Bei ya vitunguu" na Kiingereza cha wajukuu zetu

Kuna nasaha moja inayozunguka katika nyumba zetu hapa Oman, na mwezi uliopita nimeisikia tena kutoka kwa mama mmoja wa jamaa zetu anayekaa Seeb. Mwanawe yuko darasa la nane. Insha zake za Kiingereza zinarudi zimejaa wino mwekundu, na mwalimu wake skuli amemwambia mama: nyumbani acheni Kiswahili, kinamchanganya mtoto. Basi mama kamkataza mkwewe asimsemeshe mjukuu Kiswahili. Na bibi wa watu Kiingereza hakijui. Sasa bibi na mjukuu wanakaa sebule moja wakitazamana tu.

Mimi nimefundisha Kiingereza miaka 31 katika sekondari ya misheni, bara ya Kenya, mbali na kwetu Mombasa. Nikaomba nilione hilo daftari. Wallahi, nusu ya wino ule ulikuwa wa kosa la aina moja tu. "My brother play football." "The price of the cars are high." "There is many people." Jambo hili katika sarufi huitwa upatanisho: mtenda na kitenzi chake waende pamoja, akiwa mmoja kitenzi kiseme mmoja, wakiwa wengi kiseme wengi. Na katika jambo hili hasa, Kiswahili cha bibi ndiyo dawa iliyo karibu kuliko zote.

Hebu fikiri. Mtoto wa miaka mitatu anayelelewa kwa Kiswahili hasemi "watoto analia". Hajafundishwa na mtu, lakini atakwambia kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika. Akisema "vikombe vyangu viwili vile vimevunjika" amepatanisha kila neno katika sentensi. Mwingereza yeye atasema "those two cups of mine are broken", na wengi wao uko kwenye "those", kwenye "cups" na kwenye "are", basi.

Kwa hivyo watoto wetu hawashindwi kwa sababu Kiingereza kina upatanisho mwingi. Wanashindwa kwa sababu kina kidogo mno, na kidogo hupotea machoni. Zamani kilikuwa nacho zaidi. Katika skuli yetu asubuhi ilikuwa ikisomwa ile Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, na sisi wanafunzi wa Kiislamu tulikaa nyuma tukisikiliza "he goeth", "thou goest". Hiyo "-eth" ilikuwa ya kusini ya Uingereza. "-S" ilitoka kaskazini, ikateremka hadi London na mwishowe ikashinda. "Thou" ikafa pamoja na "-est" yake. Kilichobaki leo ni herufi moja, "s", na yenyewe ni ya wakati uliopo tu, kwa yeye mmoja: he goes, she writes, it costs. Ongeza "has" na "does", kisha "am, is, are" na "was, were", umemaliza. Mtoto anahitaji kukumbuka vitu vichache hivi, lakini avikumbuke kila mara.

Tena hiyo "s" ina ujanja. Kwenye jina inaleta wingi, kwenye kitenzi inaleta umoja. Ndiyo maana mtoto anaandika "the boys plays", akiona kama mantiki, wengi na wengi. Walimu wengine huwaambia watoto kwamba "s" ni moja tu, ikikaa kwa jina isikae kwa kitenzi. Inasaidia kidogo, mpaka wafike kwenye "children" na "people", ambayo ni wingi na hayana "s" kabisa.

Sasa dawa yenyewe. Kosa linalowaponza zaidi watoto wa darasa la nane na kuendelea ni pale maneno mengi yanapoingia kati ya mtenda na kitenzi chake. "The price of onions have gone up." Mtoto ameona "onions" iko karibu na kitenzi, ameandika "have". Mwambie aiseme kwa Kiswahili. Atasema "bei ya vitunguu imepanda". Hawezi kusema "bei ya vitunguu vimepanda", ulimi utakataa. Hiyo "i" imemwonyesha kwamba kilichopanda ni bei, nayo ni moja. Basi "has".

Jaribu nyingine. "Orodha ya majina ya wanafunzi imepotea", kwa hivyo "the list of the students' names has been lost". "Mmoja wa ndugu zangu anaishi Salalah": ni anaishi, si wanaishi, basi "one of my brothers lives in Salalah". "Kila mtu anajua": ni mmoja, "everyone knows", ingawa kwa maana ni watu chungu nzima. "Polisi wamefika", basi "the police have arrived". Na kondoo je? Kwetu jina halibadiliki, kondoo amekufa, kondoo wamekufa. Kwao vilevile: "the sheep has died", "the sheep have died". Kitenzi ndicho kinachotoa siri.

Na hapo bibi anaingia kazini. Mjukuu anamtafsiria sentensi moja moja, bibi anasikiliza ile silabi ya mwanzo ya kitenzi na kuuliza: ni kimoja au vingi? Hahitaji neno hata moja la Kiingereza.

Lakini nisiwadanganye, kuna mahali Kiswahili chenyewe kinaficha. Neno "ni" halibadiliki: mimi ni, wewe ni, wao ni. Mtoto anageuza kila "ni" kuwa "is", ndipo tunapata "my friends is". Ipelekeni sentensi wakati uliopita: rafiki zangu walikuwa. Ile "wa" imetokea, basi "are". "Kuna" pia ni hivyo hivyo, kuna duka, kuna maduka, na ndiyo mama wa "there is many shops". Badilisheni kwa kusema duka lipo, maduka yapo.

Kiarabu nacho kina mchango wake, na hilo mwalimu wa yule mtoto hakulitaja. Katika Kiarabu cha vitabuni kitenzi kikitangulia hubaki cha umoja hata watenda wakiwa wengi: "kataba al-awlaad", lakini "al-awlaad katabuu". Na wingi wa vitu visivyo watu hufanywa kama mwanamke mmoja, hata vitabu mia. Mtoto anayesoma somo la Kiarabu asubuhi na la Kiingereza mchana akaandika "the books is new" si mjinga, ametumia kanuni sahihi katika lugha isiyo yake. Aambiwe hivyo, badala ya kuambiwa amechanganyikiwa.

Yapo pia maneno ambayo lugha mbili hizi zimegombana waziwazi, na hapa hakuna njia ila kuhifadhi. Sisi tunasema pesa zimekwisha, wao "the money is finished". Habari zimefika: "the news has arrived", ingawa ina "s" mkiani. Nywele zake ni ndefu: "her hair is long". Maji yamemwagika: "the water has spilled". Upande wa pili, suruali yetu moja imechanika, wao "the trousers are torn". Mkasi wetu mmoja ni "the scissors are", na miwani ya babu ikivunjika ni "the glasses are broken". Andikeni orodha hiyo mbandike kwenye friji. Haizidi maneno kumi na tano ambayo mtoto atakutana nayo kila siku.

Wenye jamaa Uingereza watauliza kuhusu timu. Kweli, magazeti ya Uingereza huandika "England are winning", kwa kuwa wanawafikiria wachezaji, na Wamarekani hupenda "the team is". Yote mawili yanakubalika. Nasaha yangu mtoto afuate namna ya skuli yake na asichanganye katika insha moja.

Wazazi wananiuliza kama kosa hili dogo lina uzito wowote siku hizi. Katika mtihani wa IELTS, ambao vijana wetu wengi wanaufanya kabla ya chuo, sarufi ni kigezo kimoja kati ya vinne vya kuandika, na tena kimoja kati ya vinne vya kusema, kila kimoja robo ya alama za sehemu hiyo. Ukisoma insha yenye mawazo mazuri huku kila mstari wa tatu una "he have", unajua alama zimeanguka wapi.

Basi nilimwambia yule mama amrudishie bibi mdomo wake. Baada ya Isha, dakika kumi, sentensi tano za mtoto mwenyewe kutoka daftarini, si za kitabu. Tano zinatosha, zikizidi mtoto atachoka, na bibi pia.

Kitu kimoja bibi hatakiweza, nacho ni matamshi. Silabi zetu huishia kwa irabu, kwa hivyo "s" inayofuata konsonanti nyingine ulimi huitupa, na mtoto asiyeitamka huisahau kuiandika. "Asks" na "costs" huwashinda hata watu wazima. Hapo mama mwenyewe amkalishe mtoto: aseme "ask" mpaka iwe safi, kisha "s" peke yake kama nyoka, kisha aziunganishe aste aste.